Hedifoni za waya kwa nyimbo za sauti nzito: uzoefu wangu, Wete, Pemba

Nianze na hukumu, maelezo yafuate: kwa sauti ya mtu, hedifoni hizi ni nzuri kupita bei yake. Kwa ngoma za harusi, zipite tu.

Ni za waya, kubwa, zinafunika sikio lote. Si mpya. Nilizinunua Darajani nilipokwenda Mjini kufuata vitambaa, kwa shilingi elfu sitini, baada ya kuvutana na muuzaji hadi jirani yake akaingilia kati. Jina la kampuni limeshafutika, kwa hiyo msiniulize. Nilichokitafuta ni kitu kimoja: kitu cha kuzisikilizia zile nyimbo za sauti za chini kabisa, za hadithi za majoka na vibete, ambazo nimekuwa nikizifuata YouTube kwa muda sasa nikiwa kwenye cherehani.

Kwa asiyezijua: mwaka 1937 ilitoka hadithi ya Kiingereza ya Tolkien, The Hobbit. Ndani yake vibete wanakaa usiku na kuimba habari za kwao, mlima waliokuwa wakichimba dhahabu, ambao joka limeuvamia na kuwafukuza. Filamu yake ya kwanza ilipotoka 2012, wimbo ule ulipewa sauti za wanaume za chini, polepole, bila mbwembwe, na tangu hapo waimbaji wa besi duniani wameufanya uwanja wao. Ninayemsikiliza zaidi ni Geoff Castellucci, Mmarekani wa kundi la VoicePlay la Orlando, ambaye hurekodi sauti zote mwenyewe, moja juu ya nyingine, mpaka unadhani ni kikosi. Wapo pia Clamavi De Profundis, kundi la familia moja ya huko huko Marekani, nao hutunga muziki wa mashairi ya hadithi hizo.

Tatizo ni simu. Sauti ikiwa nzito, mitetemo yake ni michache: uzi mnene kabisa wa gitaa hutetema mara 82 kwa sekunde. Besi wa kwaya huteremka mpaka 65 hivi. Hawa ninaowasema hushuka hadi 50 na chini ya hapo. Sasa, wimbi la sauti la mitetemo 50 lina urefu wa karibu mita saba, na kispika cha simu hakifiki ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Hewa ya kulisukuma wimbi hilo kitaitoa wapi? Kinachotoka ni mitetemo ya juu inayofuatana na kila noti ya muziki, na ubongo ndio unaojaza pengo lililobaki. Unajua kwamba mtu kashuka, lakini hakuna kilichokugusa. Ndiyo maana mtu akisikiliza kwenye simu husema "ana sauti nzuri," akasogeza kidole kwenda video nyingine.

Hedifoni hizi hazihitaji kusukuma hewa ya chumba kizima, zinasukuma ile iliyofungiwa baina ya kikombe na sikio, na hiyo zinaiweza. Hapo ndipo lilipokuja jambo ambalo simu haijawahi kunionyesha: noti ya chini kabisa ni ya upole. Wengi tunafikiri sauti nzito inatoka kwa nguvu, kifua mbele, shingo imetoka mishipa. Wapi! Nyuzi za sauti zikitakiwa zitetemeke polepole lazima zilegee. Mwimbaji akikaza tu, noti inapanda au inakatika. Kwa hiyo pale penye kina kirefu ndipo anapoimba karibu na kunong'ona, mdomo umelikaribia maikrofoni. Ukizivaa unamsikia akifungua kinywa, pumzi inaingia, kisha kuna mkwaruzo mdogo wa mwanzo, kama mashua inayoburuzwa mchangani kabla maji hayajaipokea, halafu noti inatulia na unaihisi kwenye taya na nyuma ya shingo. Mara ya kwanza nilisimamisha cherehani. Mteja alikuwa mlangoni na sikumwona.

Nimejiuliza kwa nini inaniingia hivi, na jibu langu ni hili. Katika hadithi, sisi huku tumelelewa na mwenye sauti nzito mmoja, naye ni zimwi. Bibi akihadithia, msichana huzungumza kwa sauti ya kawaida, sungura kwa sauti nyembamba, na zimwi likifika, bibi anaishusha sauti mpaka chini na sisi tunasogeleana mkekani. Sauti ya chini ilikuwa ni hatari inakuja. Taarab nayo haikuitafutia kazi nyingine. Tangu siku za Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, anayeliliwa na anayetunzwa ukumbini ni mwenye sauti ya kupanda. Shughuli ya chini imeachiwa besi la kusimama, na mpiga besi hukaa nyuma. Sikumbuki kumwona anatunzwa. Bi Kidude, Mungu amrehemu, alikuwa na ile sauti yake nzito ya kukwaruza, lakini yeye alikuwa peke yake katika mambo mengi.

Sasa anakuja mtu mwenye sauti ya zimwi hasa, angetaka kukutisha angekutisha, naye anaitumia kulilia kwao. Kwangu mimi nguvu ya nyimbo hizi iko hapo. Hapatishwi mtu. Ni mtu mzima anayehuzunika bila kupaza sauti, na wanaume wa namna hiyo tunao, tumekaa nao barazani, ila hatujapata kuwasikia wakiimba. Kingine cha karibu nilichokijua ni mvumo wa wanaume kwenye dhikri, vile pumzi za safu nzima zinavyotoka vifuani kwa pamoja. Sifananishi ibada na burudani, hasha. Nasema tu kwamba kifua kinakumbuka.

Ushahidi wangu mkubwa ni shangazi. Msimu wa karafuu, baada ya Isha, nyumba nzima tunakaa kuchambua: karafuu huku, makonyo kule. Vidole vya shangazi havina mapumziko, vimekuwa vyeusi kwa utomvu na vinakwenda vyenyewe huku mdomo ukizungumza mengine. Nilimvisha hedifoni juu ya mtandio, nikamwekea ule wimbo wa vibete. Kiingereza hajui hata salamu. Vidole vikasimama. Akasikiliza mpaka beti ya pili, akanyanyua kikombe kimoja.

"Huyu kafiwa na nani?"

"Hakufiwa, shangazi. Kafukuzwa kwao. Joka limechukua mji wao."

"Basi si ndo kufiwa huko," akasema, akakirudisha kikombe sikioni. "Nirejeshee pale aliposhuka."

Nikamrejeshea. Mtoto wa kaka yangu akataka naye asikilize, akaambiwa amalize fungu lake kwanza.

Kwa haki ya kulinganisha, nimejaribu pia spika ya blutuuthi ya shemeji yangu, ile yenye taa za rangi rangi, inayosikika mpaka barabarani. Wimbo ule ule, vikombe vya chai vikatikisika, na mwimbaji akapotea. Spika za aina hii huongezewa uzito mahali pamoja ili ngoma ipige vizuri, kwa hiyo kila noti ya chini hutoka vumi lile lile, ashuke hatua moja ashuke tano. Upole wote ukaondoka, zimwi likarudi. Shemeji alifurahi sana. Kwa singeli sina neno nayo.

Na msidanganyike na mashindano ya nani anashuka zaidi. Rekodi ya dunia ya Guinness ya noti ya chini kabisa anayo Tim Storms, Mmarekani, aliyeiweka mwaka 2012: mitetemo 0.189 kwa sekunde. Sikio la binadamu linaanzia kama 20. Maana yake aliimba kitu ambacho hakuna aliyekisikia, yeye mwenyewe akiwemo. Mashaallah, lakini shangazi yangu asingesimamisha vidole kwa hilo.

Kasoro sasa. Joto. Kwa hali yetu ya kaskazi, sponji za masikioni zinalowa jasho na ngozi yake ya bandia imeanza kubanduka vipande vyeusi vinavyoganda kwenye shavu. Mteja mmoja aliniuliza kama nimeungua. Nimezishonea vifuniko vya kanga kuukuu, vinasaidia, ingawa kitambaa kinavujisha hewa na besi inapungua kidogo, kwa hiyo nikitaka kusikiliza kwa kweli navivua. Waya ni mrefu mno kwa mtu wa cherehani. Na simu yangu haina tundu la waya, ikanibidi ninunue adapta. Ya kwanza ilikuwa ikikoroma upande wa kushoto, na duka nililonunua likakataa kuibadilisha ati nimeshafungua karatasi. Ningeijaribu vipi bila kufungua karatasi, wallahi sijui.

Jambo la matumizi: sikio letu ni zito kwa sauti za chini, kwa hiyo ukipunguza sauti, besi ndiyo inayopotea mwanzo. Usikimbilie kuongeza mpaka juu ukaharibu masikio. Tafuta kimya. Mimi husikiliza usiku, cherehani limenyamaza, na sauti ya katikati inatosha. Ikwalaiza ya simu izime. Nimejaribu kuongeza besi humo na inafanya yale yale ya spika ya shemeji.

Nazipa nyota nne. Ya tano imekwenda na sponji. Anayetaka kununua za aina hii asisikilizishwe dukani ngoma zilizochaguliwa na muuzaji, maana kwa ngoma kila hedifoni "besi yake ya kufa mtu, yakhe." Nenda na adapta yako na wimbo wako, wa mtu mmoja anayeimba chini bila ala. Kama unamsikia akivuta pumzi kabla ya kushuka, toa pesa. Kama unasikia vumi tu, rudisha, na bei ya elfu sitini isikutie tamaa.