Viwanja vya Gofu Nairobi Visivyotajwa Sana: Wapi Pesa ya Raundi Moja Inakufaa

Uliza mtu yeyote ucheze gofu wapi Nairobi, na majina yatakayotangulia ni Muthaiga, Karen, Windsor na Royal. Yana sababu ya kutangulia. Mashindano ya Kenya Open yalianza 1967 na mara nyingi yamechezwa Muthaiga au Karen. Seve Ballesteros, Mhispania, aliyashinda 1978, mwaka mmoja kabla ya kutwaa The Open kule Uingereza. Royal ilianzishwa 1906 na ikapewa cheo chake cha kifalme 1935. Karen imekaa juu ya ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen, mwandishi wa Denmark. Historia hiyo yote inalipiwa, na anayeilipia zaidi ni mgeni asiye mwanachama.

Mwongozo huu nimeuandikia mtu anayelipa kutoka mfukoni mwake. Hana kadi ya uanachama, hana kampuni ya kumdhamini, na anataka raundi moja nzuri mwezi huu bila kusubiri hisani ya mtu. Viwanja nimevipanga kwa kuangalia ubora wa mchezo wenyewe, urahisi wa mgeni kuingia, na urahisi wa kufika. Uzuri wa jengo la klabu sikuuhesabu. Huchezi ndani ya jengo.

Unacholipia

Ada ya uwanja inakupa nyasi, saa nne au zaidi kidogo za kutembea, na kedi, yaani mtu wa kukubebea fimbo na kukuelekeza, ingawa huyu huenda akalipwa kando. Nyasi kwanza, kwa sababu ndizo zinazowashangaza wageni wengi. Nyasi za kikuyu ni za nyanda zetu za juu, na kutoka huku zilisambaa hadi Australia, Afrika Kusini na California. Kule Los Angeles, klabu ya Riviera ina fawei (njia ya nyasi fupi inayoelekea shimoni) za nyasi hizi na watu wanazilipia pesa nyingi. Kwenye fawei mpira unakaa juu, umeinuliwa, unapigika vizuri. Ukitoka pembeni mambo yanageuka. Mpira unazama katikati ya majani mapana, unaona nusu yake tu, na ukiupiga majani yanashika shingo ya fimbo na kuufunga uso wake, kwa hiyo mpira unakwenda kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Dawa ni kushika fimbo kwa nguvu zaidi kidogo, kuchukua fimbo fupi na kukubali kurudi kwenye fawei. Na ukiwa karibu na grini, yaani eneo la nyasi fupi kabisa lenye shimo, usitegemee mpira utambae kufika. Nyasi za kikuyu zinaudaka pale pale unapoangukia. Uinue utue juu ya grini.

Jambo la pili ni hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa nyepesi inaupeleka mpira mbali kuliko pwani, kama asilimia 6 hivi. Ukitoka Nyali na fimbo inayokupa yadi 150, hapa itakupa karibu 160. Anayekuja kutoka Mombasa apunguze fimbo moja, yaani achukue isiyopeleka mbali sana, tangu shimo la kwanza, asingoje kupita grini mara tatu ndipo aamini.

Kisha piga simu siku moja kabla. Uliza grini zilitobolewa lini. Kila uwanja unaotunzwa hutoboa grini na kuzimwagia mchanga ili mizizi ipate hewa, na kwa siku kadhaa mpira unarukaruka hata ukiupiga sawasawa. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini huna sababu ya kulipia wiki hiyo. Uliza kama kuna mashindano ya mdhamini, kwa maana Jumamosi nyingi uwanja unachukuliwa mzima. Uliza ada ya kedi kama imo ndani au inalipwa kando. Na kama una klabu yako, hata iwe Kakamega au Nyeri, uliza kama zina makubaliano. Bei ya mgeni wa klabu ndugu ni tofauti kabisa na ya mtu wa barabarani.

1. Limuru Country Club

Huu ndio ninaouweka mbele, na siuweki mbele kwa kusitasita. Watu wa Nairobi wanauona uko mbali, kumbe ukipita Ruaka, Banana na Tigoni asubuhi unakwenda kinyume na msongamano wa wanaoingia mjini. Barabara yenyewe inakutayarisha: majani ya chai pande zote, baridi inaanza kuingia dirishani, na ukishuka kwenye gari unatafuta sweta.

Limuru iko karibu mita 2,200 juu ya bahari. Kwa hesabu ya hewa peke yake mpira ungekwenda mbali zaidi kuliko mjini, lakini asubuhi ya Julai baridi inaurudisha nyuma. Mpira baridi hauruki vizuri, hewa ya baridi ni nzito, na mikono iliyofunikwa na sweta mbili haizunguki. Kwa hiyo hapa huwezi kuja na jedwali lako la yadi ukaliamini. Asubuhi unachukua fimbo ya chuma namba 6, na jua likishatoka, kwa umbali ule ule, unachukua namba 7, isiyopeleka mbali kama ile. Ndilo jambo linalonifanya niupende uwanja huu: unakulazimisha ufikiri kila mkwaju.

Kuna vilima. Mara nyingi mpira uko juu ya miguu yako au chini yake, na mwili unapaswa kusimama kwa namna ambayo uwanja wa kufanyia mazoezi hauwezi kukufundisha. Mpira ulio juu ya miguu utavuta kushoto. Ulio chini utakwenda kulia. Lenga ukijua hivyo.

Usikatae kedi hapa. Tazama kedi mzoefu wa Limuru kwenye grini: hasimami nyuma ya mpira kwanza. Anazunguka hadi upande wa chini, anachuchumaa, anaangalia bonde liko wapi, ndipo anarudi na kuweka ncha ya bendera kwenye nyasi, vidole vinne nje ya shimo. “Hapa, mzee. Pole pole. Inakimbia kwenda bondeni.” Ukiangalia kwa macho yako mwenyewe utaapa kwamba inapanda. Mwamini. Miteremko ya milimani inadanganya jicho, na yeye amezitembea grini hizo kwenye ukungu na kwenye jua.

Kasoro yake ni ukungu wenyewe. Kati ya Juni na Agosti unaweza kufika ukakuta huoni bendera, na unakaa na chai ukingoja. Usipange kikao cha saa tano mjini siku hiyo. Aliye na magoti mabovu pia achague kwingine, au akodi kigari kama kipo.

2. Railway Golf Club

Klabu hii ilianza 1922 kwa ajili ya watu wa reli, katika mji ambao wenyewe ulizaliwa reli ilipofika 1899. Leo iko pale chini ya Upper Hill, minara ya mji imeizunguka, na maelfu ya watu wanaipita kila siku kwenye Uhuru Highway bila kujua kwamba wangeweza kuingia wacheze.

Kwa mtu wa ofisini hakuna uwanja unaoshinda huu kwa urahisi wa kufika. Ukiwa unafanya kazi katikati ya mji au Upper Hill, muda ambao mwenzako ataumalizia kwenye foleni ya kwenda Karen wewe umeshapiga mashimo matano. Hilo lina uzito wa pesa, kwa sababu jua letu halina subira: linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo, mwaka mzima. Raundi kamili ya mashimo 18 inayoanza baada ya saa saba na nusu mchana ina hatari ya kuishia gizani. Anayetoka kazini saa tisa unusu atafute mashimo tisa, na mahali pa kuyapata bila kuvuka mji mzima ni hapa.

Kelele za magari zipo, na anayetaka ukimya wa msituni hataupata. Pia usije ukitegemea mapambo. Lakini raundi ya Railway ina uchangamfu ambao klabu kubwa nyingi hazina. Wachezaji wanasalimiana kutoka fawei moja hadi nyingine, makedi wanabishana kuhusu ligi ya Uingereza, na mgeni anayecheza peke yake akiomba kuunganishwa na kundi hapati shida. Kwa mtu mgeni Nairobi anayetaka kujuana na watu, ningempeleka hapa kabla ya kwingine kokote.

3. Vet Lab Sports Club

Iko Kabete, na jina lake linatokana na maabara ya mifugo iliyo jirani. Sifa yake kubwa ni vijana. Klabu hii imelea watoto wengi wa gofu, na ukifika wakati wa likizo za shule utawakuta wamejipanga kwenye uwanja wa mazoezi na fimbo zilizokatwa kufuata urefu wao. Mzazi anayefikiria kumwanzishia mtoto aanze kuulizia hapa. Ukicheza nyuma ya kundi la vijana hao usikasirike. Wengi wao watakuacha.

4. Golf Park, Ngong Racecourse

Kama bado unajifunza, hii iwe namba moja yako na uyasahau niliyoyasema juu. Iko ndani ya uwanja wa mbio za farasi kwenye Ngong Road, uliofunguliwa 1954, na ni ya umma: unalipa, unacheza, hakuna anayekuuliza wewe ni mwanachama wa nani. Ina mahali pa kupigia mipira ya mazoezi. Matatu za kwenda Ngong, namba 111, zinapita nje, na mtu mwenye begi dogo la fimbo chache anaweza kufika bila gari.

Nasisitiza fimbo chache. Sheria inaruhusu hadi 14, lakini anayeanza anahitaji pata (fimbo ya kwenye grini), fimbo moja ya mchanga, vyuma viwili vitatu na mti mmoja, yaani fimbo ndefu ya mkwaju wa kuanzia. Usinunue seti nzima kabla hujajua kama utaupenda mchezo. Kodi, au nunua zilizotumika. Makedi wanajua nani anauza nini, lakini kabla ya kutoa pesa angalia mishikio ya fimbo kama imekauka na shingo za vyuma kama zina ufa.

Siku za mbio, kwa kawaida Jumapili, uliza kwanza kama na saa ngapi unaweza kucheza. Na kwa aliyezoea viwanja vilivyonyolewa vizuri, Golf Park itamkwaza. Haishindani na vile. Inamfungulia mlango mtu ambaye klabu nyingi zingemwomba barua ya kutambulishwa.

5. Kiambu na Ndumberi

Kiambu Golf Club ina mashimo 18 na iko karibu na mji wa Kiambu, unaofikika kwa matatu namba 100. Uwanja wa watu wa kwao, wanaofahamiana, na siku za kazi una nafasi. Ndumberi, hatua chache mbele, ni mashimo tisa, na hapo ndipo pa kwenda na rafiki ambaye hana saa nne za kukupa. Ukiyazungusha mara mbili, chezea sehemu tofauti ya kuanzia katika mzunguko wa pili na utaona shimo lile lile linabadilika.

6. Ruiru na Thika

Nimeziweka mwisho kwa sababu ya umbali tu, na kwa anayeishi Kasarani au Roysambu zinaweza kupanda hadi nafasi ya pili. Thika iko chini kidogo, kama mita 1,500, na ni joto. Mwezi wa Januari na Februari ardhi inakauka na mpira unatua na kukimbia. Mpigaji wa wastani anaona umbali ambao Limuru haumpi kamwe. Ila ardhi hiyo hiyo ngumu inaupeleka mpira nyuma ya grini, kwa hiyo utue mbele kidogo na uuache ujongee, kinyume kabisa na ushauri niliotoa mwanzoni kuhusu nyasi za kikuyu karibu na grini.

Beba maji na kofia. Panga kuanza saa moja asubuhi. Ukitoka mjini mapema Superhighway inakuwa wazi upande wako, na utakuwa umemaliza kabla jua la saa saba halijakaa kichwani. Wakati wa kurudi epuka jioni ya Jumapili, wanaotoka mashambani wakiwa wamejaa barabarani kuanzia Juja hadi Githurai.