Niliahidiwa Manowari, Nikazamia Meli ya Mifugo

Tangazo lililobandikwa katika duka la kukodisha vifaa vya kuzamia hapa Malindi lilisema kwamba kila atakayemaliza kozi ya pili atapelekwa kuzamia manowari iliyozamishwa makusudi ili iwe mwamba bandia wa samaki. Nililipa kwa ajili ya neno hilo moja. Nilikuwa nimekwisha kusoma habari za HMS Scylla, manowari ya Uingereza iliyozamishwa mwaka 2004 karibu na pwani ya Cornwall, na za USS Oriskany, manowari ya Marekani ya kubebea ndege, ambayo mwaka 2006 ilizamishwa kwa baruti mbele ya Pensacola, nikadhani na sisi tumepata yetu.

Mafunzo yenyewe siyalaumu. Tulizamia kwa siku tatu katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi, mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imetulia na maji yakiwa meupe. Anayekusudia kuja wakati wa mvua ajue kwamba Mto Sabaki humwaga tope jingi baharini, na huenda asione hata mapezi ya mwenzake. Kilichoniudhi ni kwamba maelezo ya usalama yalitolewa kwa Kiitaliano na Kiingereza tu, ilhali nusu ya kundi tulikuwa wenyeji. Mwalimu msaidizi, kijana wa hapa hapa, ndiye aliyetuita pembeni akatufafanulia kwa Kiswahili kwamba katika kina cha mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu ya maji, na kwa hiyo mtungi ambao ungekutosha muda mrefu karibu na uso wa bahari huisha huko chini kabla hujashiba kutazama.

Siku ya nne tuliondoka kwa gari saa kumi na moja alfajiri, tukashika njia ya Kilifi kwenda Mombasa. Ni kwenye safari hiyo ya kilomita 120 hivi ndipo nilipoelezwa kwamba chombo tunachokiendea ni MV Dania, meli iliyokuwa ikisafirisha mifugo, iliyozamishwa mwaka 2002 upande wa Bamburi.

"Kwa hiyo mizinga hamna?" nilimwuliza mwalimu msaidizi.

"Hamna, kaka. Labda utafute mazizi."

Nilinuna mpaka tuliposhuka kwa kufuata kamba ya boya. Kwanza nikaona kivuli, kisha ukuta wa chuma ambao sikuweza kuuona mwisho wake, kwa kuwa meli hiyo ina urefu wa mita 80 hivi na imekaa wima mchangani, kama iliyotia nanga. Kolekole walipita kwa makundi juu ya sitaha. Chini ya kivuli cha ubavu alikuwamo chewa mnene ambaye hakujishughulisha nasi hata kidogo. Na ndani ya bomba moja mkunga alikuwa ametoa kichwa. Pembeni palikuwa na mchanga mtupu, nami nikaelewa kwa nini wote hao wamehamia hapo: mchanga hauna pango la kujificha wala kitu kigumu ambacho tumbawe changa linaweza kukishika. Nilitamani kuingia katika vyumba vya ndani, lakini kiongozi alikataa kwa sababu hatukuwa na mafunzo ya kuingia ndani ya meli, na katika hilo namsifu. Baada ya dakika kama 20 tulianza kupanda, tukasimama dakika tatu kwenye mita tano, tukarudi botini.

Kwa mbizi yenyewe ningetoa nyota tano. Kwa huduma nzima natoa tatu. Sikudai fedha zangu, ila niliwaomba wenye duka walifute neno "manowari", wakanijibu kwamba ndilo linalowavuta wageni. Juma lililopita nilipita pale dukani, na tangazo lingali ukutani vile vile.