Pikipiki nyekundu ya Kaneda: ipi inafaa kununua

Nianze na hukumu, maana najua wengi mnatafuta hiyo. Kama unataka kitu kimoja tu cha kukusanya kutoka filamu ya Akira, chukua toi ya pikipiki ya Kaneda. Sanamu za watu zipo na nyingine ni nzuri, lakini staa wa kweli wa filamu ile ana magurudumu mawili. Na katika zote nilizozishika, iliyorudisha thamani ya pesa yangu ni ya Bandai, kampuni ya toi ya Japani, ya kipimo cha 1/15 (yaani imepunguzwa mara 15), tena ya mtumba, wala si lile dude kubwa ambalo kila mkusanyaji analiota.

Kwa asiyeijua: Akira ni anime, yaani filamu ya katuni ya Kijapani, ya Katsuhiro Otomo, ilitoka Japani Julai 1988, na imetokana na manga (hadithi ya vibonzo) yake mwenyewe aliyoanza kuichora mwaka 1982. Mambo yanatokea Neo-Tokyo, mwaka 2019, jiji lenye magenge ya vijana wanaofukuzana kwa pikipiki usiku. Kaneda ni kiongozi wa genge mojawapo. Pikipiki yake ni nyekundu, imebandikwa stika kama za Canon na Citizen, na kuna mahali sifa zake zinatajwa kabisa: breki za ABS zinazoongozwa na kompyuta, nguvu ya farasi 200 kwa mizunguko 12,000 kwa dakika. Tetsuo, rafiki yake, anaimezea mate, na siku anapoiiba inamzimikia. Halafu kuna lile tukio la Kaneda kuisimamisha kwa kuilaza ubavu, tairi zikiburuza lami. Limeigwa mara nyingi mno. Hata mwongozaji Jordan Peele aliliweka kwenye filamu yake Nope ya 2022.

Kinachoifanya pikipiki hii iwe yenyewe ni umbo. Imelala chini, ndefu, na dereva kaegemea kama mzee kwenye kiti cha uvivu barazani, miguu imetangulia mbele. Toi ikikosea hapo, hata rangi ikiwa sahihi kiasi gani, haitakuwa ya Kaneda. Kwa hiyo nikipata yoyote mkononi, cha kwanza naiweka mezani, nashusha macho usawa wa meza, naitazama ubavuni. Kama inaonekana imeinuka, nairudisha kwenye boksi.

Hii ya 1/15 imefaulu. Ina urefu wa karibu sentimita 20, inakaa kwenye rafu ya kawaida ya vitabu. Ina sehemu za chuma, na ukiinyanyua mkono unazisikia. Haina ule wepesi wa toi za plastiki unaokufanya ujiulize umelipia nini. Pua yake imechongwa vizuri, mstari unashuka moja kwa moja mpaka kwenye gurudumu la mbele bila kukatika. Kaneda wake akiwa ameketi ni mtamu kumtazama. Mshushe, msimamishe pembeni, mvuto wote unaisha. Mimi nimemwacha juu ya kiti chake na simgusi. Ubaya wake ni stika: kwa kitu cha mtumba, kona za stika huanza kuinuka, na kuzibonyeza kwa kidole kunaziharibu zaidi. Tumia kijiti cha masikio, taratibu.

Niliipata kwa msaada wa shemeji yangu anayefanya kazi Yokohama kwenye biashara ya magari yaliyotumika, haya haya yanayoshushwa bandarini kwetu. Alikwenda Nakano, jijini Tokyo, ndani ya jengo la Nakano Broadway, ambako duka la Mandarake lina vyumba vingi vya vitu vya mtumba vya anime. Akanitumia picha WhatsApp: "Shem, boksi kona moja imebonyea, yenyewe iko safi. Nichukue?" Kilichonifurahisha ni kikaratasi walichobandika kueleza kasoro za boksi. Kilichoandikwa ndicho nilichokikuta, hakuna cha ziada. Wauzaji wa Kariakoo, samahanini, lakini hilo mngeliiga.

Tofauti kabisa na muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeniuzia sanamu ya Tetsuo. Sanamu hii ni ya McFarlane Toys wa Marekani, ambao mwaka 2000 walitoa sanamu za Kaneda na Tetsuo. Tangazo lilisema "kama mpya". Nilipomtoa, joho jekundu lilinata vidoleni kama limepakwa asali. Wakusanyaji wa zamani wanajua hii: plastiki laini huwekewa kemikali ya kuilainisha, na miaka ikipita, hasa sanamu ikifungiwa ndani ya boksi kwenye joto, kemikali hiyo hutoka na kukaa juu. Nilimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikamwanika kivulini, akawa sawa. Muuzaji hakujibu ujumbe wangu hata mmoja. Kuhusu sanamu yenyewe, uchongaji ni wa hali ya juu, mikunjo ya joho unaihesabu. Ila viungo havichezi sana. Pozi alilokuja nalo ndilo utakaloishi nalo.

Kwa joto la Dar, hili la plastiki kunata ni tatizo kubwa kuliko vumbi. Usiziweke dirishani, nyekundu hupauka kwa jua. Usiache tairi la mpira likakaa moja kwa moja juu ya plastiki nyingine, litaichubua na kuacha alama isiyotoka. Weka karatasi katikati. Na chochote chenye taa, toa betri kama huiwashi, zikivuja zinakula vyuma vya ndani.

Sasa lile dude. Bandai wana pikipiki hiyo hiyo kwa kipimo cha 1/6, takriban nusu mita, yenye taa zinazowaka. Nimeishika kwa mwenzangu mkusanyaji. Ni nzuri, sitasema uongo. Ukizima taa za chumba ukawasha zake, utakaa kimya kidogo. Lakini bei yake ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, na hapo hujasafirisha. Kampuni za ndege hazitazami kilo peke yake, zinatazama pia ukubwa wa boksi, na boksi lile ni kubwa. Likifika kuna ushuru wa forodha, kisha VAT ya asilimia 18. Halafu utaliweka wapi? Mwenzangu amelazimika kuhamisha televisheni. Mkewe bado analizungumzia.

Tahadhari ya feki: zipo, na nyingi. Nimegundua zinajikamatisha kwenye koti la Kaneda. Mgongoni lina picha ya kidonge cha kapsuli, nusu nyekundu nusu bluu. Kwenye sanamu halisi kingo zake ni kali na maandishi yana mpangilio. Kwenye feki rangi zimeingiliana. Mwombe muuzaji picha ya mgongo kabla ya kulipa. Akileta ubishi, achana naye.

Tetsuo nipo tayari kumwachia mtu kwa bei ya maelewano, ameshaoshwa na hanati tena. Pikipiki haiuzwi, msiulize.