Homa ya ini C: hospitali ya rufaa au kliniki ya methadoni?

Kwa anayejidunga dawa za kulevya, vidonge vya kutibu homa hii ni vilevile kote kuwili, sofosbuvir na daklatasvir, kwa kawaida wiki 12, na zaidi ya asilimia 90 ya wanaovimaliza hupona. Sindano za interferoni, tiba ya zamani, tuziache. Tofauti ni mahali.

Hospitali ya rufaa ina madaktari bingwa na mashine. Mwenye ini lililokwisha kusinyaa, aende huko. Ila kuna nauli, foleni, na jicho la mlinzi getini akishamtambua "teja".

Katika kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, kama zile za Nairobi, ya Mathari iliyoanza 2014 au ya Ngara, mtu hufika kila siku kunywa dozi mbele ya mhudumu. Kidonge cha ini kingemezwa papo hapo. Siku akikosa, inajulikana mara moja. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza hata wahudumu wasio mabingwa watoe tiba hii. Kwa walio wengi, mimi ningechagua hapa. Na yale ya "aache kwanza kujidunga ndipo atibiwe" hayana msingi: anayejidunga hupona pia, ingawa anaweza kuambukizwa tena, kwa hiyo apewe na sindano safi.