Mhasibu wa Mwembe Tayari: mwaka mmoja na kikapu changu cha risiti

Mimi napika mahamri, mbaazi, viazi vya karai na sambusa hapa Mombasa. Asubuhi napelekea maofisi, wikendi napikia shughuli za harusi na matanga. Kazi naijua. Kodi ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi, na ndiyo maana nataka kumsifu mhasibu aliyenifungua macho, pamoja na kasoro zake.

Ofisi yake iko Mwembe Tayari, ghorofa ya kwanza juu ya duka la leso. Ngazi zimesimama wima, mtu wa magoti mabovu atateseka. Ndani kuna meza mbili, feni moja na benchi la wateja. Wengi tunamwita Mwalimu, na hakika anafundisha. Ada yake kwangu ni shilingi 2,500 kwa mwezi, na kila ukilipa anakupa risiti ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA (mamlaka ya kodi), yenye PIN yako, yaani namba yako ya kodi, maana ada ya mhasibu nayo ni gharama ya biashara.

Nilienda kwake Aprili 2025 na kikapu kizima cha makaratasi. Kabla ya hapo ritani zangu, yaani fomu za kodi za kila mwaka, zilikuwa zikijazwa na kijana mmoja wa saiba (duka la intaneti), kwa shilingi 300, na kila Juni ananiambia, "Mama, tumemaliza." Mwalimu alipofungua iTax yangu, ile akaunti ya kodi ya mtandaoni, akanigeuzia skrini nijionee: mapato ya 2022 sufuri, ya 2023 sufuri. Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa naamka saa tisa usiku kukanda unga! Nililia pale pale kwenye benchi. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba msamaha wa kodi ulikuwa bado wazi hadi Juni 30, 2025, kwa madeni ya hadi mwisho wa 2023: ukilipa kodi yenyewe, faini na riba zinafutwa. Tukarekebisha, nikalipa kwa awamu tatu, nikamaliza kabla ya tarehe.

Baada ya hapo ndipo tukafika kwenye swali lililonipeleka. Nilikuwa nimesikia kwamba mwenye biashara anaruhusiwa kutoa gharama zake kabla ya kukatwa kodi, na nikataka na mimi nitoe. Mwalimu akaniuliza, "Mamangu, unajua uko kwenye kodi gani?" Sikujua. Biashara ya mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka huangukia TOT, yaani kodi ya mauzo, asilimia 3 tangu Julai 2023, na hiyo hukatwa kwenye mauzo yote. Unga, mafuta, gesi, nazi, havitolewi hata senti. Ukitaka gharama zihesabiwe, unamwandikia Kamishna wa KRA barua kwamba umechagua kutoka TOT na kuingia kodi ya mapato ya kawaida.

Nikasema basi tuandike leo. Akakataa. Hapo ndipo nilipomheshimu, maana angeweza kuchukua ada ya barua na kuniacha nizame.

Alichukua daftari langu la 2024, akapiga hesabu mbele yangu kwa kalamu. Mauzo yalikuwa 3,600,000, kwa hiyo TOT ni 108,000. Gharama nilizoandika kwa mkono zilifika 3,000,000. Zikikubaliwa zote, faida ni 600,000, na kodi yake, baada ya kuondoa ile nafuu ya 28,800 anayopewa kila mtu, ni 88,600. Nikaona nimeokoa 19,400. Kisha akamwaga kikapu mezani, akaanza kutenganisha. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi, isipokuwa vitu vichache kama mishahara na riba ya mkopo. Zilizosimama, pamoja na mishahara, zilikuwa kama 2,000,000. Maana yake kwa serikali faida yangu ni 1,600,000, na kodi ni 388,600. Kwa biashara ile ile, mwaka ule ule!

Niliitazama ile karatasi muda mrefu. Bado nimeibandika jikoni.

Kwa hiyo ushauri wake ulikuwa nibaki TOT mwaka mzima wa 2025, nilipe kila mwezi kabla ya tarehe 20, na wakati huo huo nijizoeze kudai risiti kana kwamba nimeshatoka. Kila mwisho wa mwezi nampelekea bahasha moja. Yeye anazipitia moja moja na kuniambia ipi ingekubalika na ipi isingekubalika, na kwa nini. Nimejifunza zaidi kwenye yale makosa kuliko kwenye maelezo yoyote.

Mwezi wa kwanza alitoa karatasi ya ada ya shule ya mwanangu, akairudisha mkononi mwangu taratibu: "Hii ni ya nyumbani, mamangu. Gharama inayotolewa ni ile iliyotumika kuleta mapato, na si nyingine." Umeme wa nyumba yangu ya vyumba vitatu, chumba kimoja ndicho jiko la biashara, akaandika theluthi. Friza niliyonunua 65,000, nilidhani inatolewa yote mara moja. La. Hiyo ni mashine inayokaa miaka, inatolewa asilimia 10 kwa mwaka, yaani 6,500. Wasichana wawili wanaonisaidia, alinitengenezea karatasi ya mishahara ya kutia sahihi, kwa sababu hata kama mshahara haudai eTIMS, unadai kumbukumbu.

Kwenye duka la jumla ninakonunua unga, mwanzo nilikuwa naona haya. Sasa natamka PIN kabla bale halijashushwa, maana muuzaji akishabonyeza bila PIN yangu, risiti ile hainisaidii kitu.

Lililonitia wasiwasi zaidi ni nazi. Namnunulia mzee mmoja wa Rabai, mtu mzima sana, na sikuwa tayari kumwacha eti kwa sababu hana mashine ya kutoa risiti za eTIMS. Mwalimu akaniambia sheria iliyoanza Desemba 2024 inamruhusu mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka, kwa ridhaa yake. Tukaketi na mzee na mjukuu wake, tukamweleza mpaka akaridhika kwamba hatumtegi. Sasa nazi zangu zina karatasi, na mzee bado ananiletea kila Jumanne.

Kasoro zake nizitaje. Anasema haraka, ukitoka pale kichwa kinazunguka, na haandiki muhtasari wa mliyozungumza. Mimi sasa naenda na daftari na kumsimamisha. Saa kumi na moja ikifika simu anazima. Na Juni usithubutu kwenda: ritani za mwaka zinafungwa tarehe 30, benchi linajaa hadi ngazini, na atakuhudumia kwa dakika tano tu. Nenda Februari au Machi, atakaa nawe saa nzima. Pia kama mauzo yako ni madogo sana na hutaki kuhangaika na karatasi, 2,500 kwa mwezi ni nyingi. Atakwambia mwenyewe, alimwambia jirani yangu wa bajia abaki TOT na akamwonyesha namna ya kulipa peke yake bila kumtoza chochote.

Bahasha ya Desemba nilimpelekea wiki ya kwanza ya mwaka. Alijumlisha mara mbili. Katika kila shilingi 100 nilizotumia mwaka 2025, zaidi ya 90 zina risiti yenye PIN yangu. Akavuta karatasi nyeupe, akasema, "Sasa mamangu, tuandike ile barua."