Giaboksi iliyokunywa maji: uzoefu wangu na mafundi wa Mombasa

Kama uko Mombasa na gari lako kuukuu la otomatiki limeanza kuteleza, usikimbilie kuuliza bei ya giaboksi. Ngoja injini ipoe, fungua rejeta uangalie maji yake, kisha chomoa kijiti cha oili ya giaboksi ukifute kwa kitambaa cheupe. Gereji ya kwanza niliyokwenda ingenifanyia hilo tu, ningeokoa pesa na nisingehangaika na tuktuk.

Gari lenyewe ni Toyota NZE, Corolla zile zilizojaa mji mzima, la gia 4. Nililinunua kwa mtu hapa hapa Mombasa. Ugonjwa ulianza pole pole. Asubuhi natia D, gari linanyamaza kidogo ndipo liondoke. Baadaye ikawa likitoka gia ya 2 kwenda ya 3 injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko unapanda, mwendo hauongezeki. Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi, ambayo ikipepesa ni onyo la giaboksi, nayo ikaanza kupepesa. Kilichonimaliza ni feri ya Likoni. Mlango umeteremshwa, watu wamemiminika, zamu yangu ya kupanda imefika, nakanyaga mafuta, gari linanguruma pale pale. Nyuma lori linapiga honi, ubavuni mama mwenye karai la mihogo ananiambia, "Baba, si uondoke watu wapite!" Lilipanda mwishowe, kwa kujivuta.

Gereji ya kwanza iko upande wa Nyali, sitaitaja. Kwa macho ni nzuri: sakafu safi, vijana wenye sare, mashine ya kupimia. Kijana akaunganisha waya, akatazama kioo, akaniambia solenoidi (vali za umeme zinazobadilisha gia) zimechoka, na hapo hapo akageuza maneno: bora tubadilishe giaboksi yote, shilingi 85,000. Nikamuuliza oili ikoje. Akajibu siku hizi mashine ndiyo inayosema. Hakuna hata mmoja aliyeinama chini ya gari. Sasa, mashine ile husoma habari za umeme, yaani sensa, solenoidi na nyaya. Klachi iliyokwisha ndani ya giaboksi inaweza isiiambie kitu. Nikalipa ada ya kupimwa, risiti sikupewa, nikaondoka.

Fundi wa pili nilielekezwa na dereva wa teksi. Ni mzee wa makamo, kazi yake ni giaboksi peke yake, na gereji yake ni kivuli cha mwarobaini huko Changamwe. Kwenye simu tu alinipa moyo. Alinikataza kulivuta gari kwa kamba. Akataka bredauni inayoinua magurudumu ya mbele. Otomatiki kama hii ikivutwa magurudumu ya mbele yakizunguka na injini imezimwa, pampu ya oili imelala, na vyuma vinasagana vikavu.

Nilipofika hakuniuliza historia. Alichomoa kijiti, akakifuta kwenye fulana kuukuu, akaninyoshea. Oili nzima huwa nyekundu ya kung'aa. Iliyoungua huwa kahawia na inanuka moto. Yangu ilikuwa ya waridi, nzito, kama sharbati ya rozi iliyotiwa maziwa, ile ya Ramadhani.

"Mwanangu," akasema, "hii haikufa kwa uzee. Imekunywa maji."

Hapo ndipo nilipopata darasa. Oili ya giaboksi hupozwa ndani ya rejeta yenyewe: inapita kwenye kipoozeo kilichofichwa katika tangi la chini, na maji ya injini yanakizunguka. Kipoozeo kikitoboka, maji na oili vinaonana. Na hapa kwetu kinatobolewa na nini? Chumvi. Maji ya bomba yakikatika, tunatumia ya kisima, na mwenye gari naye anajaza rejeta yale yale badala ya kulanti, maji maalumu ya kupozea injini. Aliyenitangulia na gari hili bila shaka alifanya hivyo miaka. Rejeta ilipofunguliwa ilikuwa na kutu na magamba meupe mdomoni.

Nikamwuliza, "Ami, haiwezi kuoshwa tu?" Akafungua sampo, bakuli la oili la chini ya giaboksi, mbele yangu. Sumaku zilizomo zilikuwa na tope laini la kijivu, hilo akasema ni la kawaida. Lakini pembeni kulikuwa na vipande vyembamba vya kahawia, laini kama karatasi. Ni bitana ya klachi, utando wake wa kukamata. Maji huilegeza gundi yake, ikishaanza kubanduka hairudi. Tena ukimwaga oili inatoka lita 3 hivi, karibu nusu tu. Nyingine inabaki ndani ya konvata, lile duara lililojaa oili linalounganisha injini na giaboksi.

Kwa hiyo giaboksi ilibadilishwa vile vile. Tofauti ni kwamba wale wa kwanza wangefunga nyingine juu ya rejeta ile ile, nayo ingeanza kunywa maji siku ya kwanza.

Tulipata giaboksi ya eks-Japani, iliyotumika huko Japani, mjini kwa 38,000 baada ya kuvutana sana, pamoja na konvata yake. Muuzaji aliniuzia na oili ya Dexron eti zote ni nyekundu. Ami akairudisha, kijiti changu kimeandikwa aina ya oili, T-IV, na T-IV ndiyo iliyotiwa. Kabla ya kulipa alinusa tundu la kijiti cha giaboksi, akalinganisha namba za kibati na za yangu, akazungusha shafti kwa mkono. Dhamana ni ya wiki mbili, na muuzaji amepiga rangi nyeupe kwenye bolti: ukifungua, imekwisha.

Lililonifurahisha zaidi ni kufungwa kwa konvata. Aliisukuma huku akiizungusha taratibu, sikio karibu, mpaka ikalia "tak", akaendelea, "tak" nyingine, ikazama. Kisha akapima kwa rula ilivyozama. Akaniambia wengi huivuta kwa bolti kabla haijakaa, na pampu mpya inapasuka papo hapo. Mabomba ya oili aliyasafisha kwa upepo na oili mpya, rejeta mpya ikaingia kwa 9,500, na kulanti iliyochanganywa tayari. Ufundi wake ulikuwa 12,000. Hesabu yote, hata na oili na bredauni, haikufika ile 85,000.

Sasa mabaya yake. "Kesho" ya Ami si kesho yako. Simu hapokei akiwa chini ya gari, na yuko chini ya gari siku nzima. Mvua ikinyesha kazi inasimama. Risiti ni karatasi ya daftari. Na alitaka kunifungia kipoozeo cha nje, cha kupachikwa mbele ya rejeta. Kwa joto letu na foleni za Kibarani si wazo baya, ila mfuko ulikuwa umeshakauka.

Kwa ufundi nampa tisa kwa kumi, kwa kushika ahadi tano. Gia zinaingia laini, O/D OFF imetulia, na oili bado ni nyekundu. Kinga ya plastiki ya chini ya injini haikurudi mahali pake, na kila nikipiga simu kuiulizia, Ami yuko chini ya gari.