Kizimba cha kinyonga kutoka kwa seremala wa Nyakato: nyota nne, ya tano nimeizuia

Kwa wenye haraka: nyota nne kati ya tano. Kizimba kimekaa kwenye baraza langu hapa Ilemela, Mwanza, kiangazi chote, sasa kinapigwa na mvua za vuli, na aliyemo ndani anakula, anakunywa na anapanda matawi bila shida. Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya mlango na sakafu. Nitavifikia.

Mjue kwanza nani anaongea. Mimi ni fundi majokofu, nimezeekea kwenye viwanda vya minofu ya sangara. Kazi yangu ni kuuliza hewa inaingia wapi, inatokea wapi, na maji yanayodondoka yanakwenda wapi. Anayetaka kujua kama kizimba kinapendeza sebuleni atafute mtu mwingine.

Mwenye nyumba anaitwa Mwendapole, jina alilopewa na wajukuu. Ni kinyonga jike wa aina ile ya kijani inayoonekana sana vichakani huku kwetu Kanda ya Ziwa, wenye vipande viwili vya ngozi vilivyolala nyuma ya kichwa. Kitaalamu ni Chamaeleo dilepis. Na kabla hamjaniuliza: mnyamapori haokotwi njiani akawa wako. Ipo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mambo ya vibali yako TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Karatasi kwanza, mbao baadaye. Asiyetaka kuhangaika na karatasi amwache kinyonga kwenye ua wake, atamtazama bure.

Nilianzia mjini, kwenye duka linalouza samaki wa mapambo. Kijana wa pale mchangamfu kweli, akanionyesha tangi la kioo la Sh 180,000. "Mzee, humu hata kenge anakaa." Kenge simjui, ila kinyonga asiwekwe humo. Kioo kinazuia mionzi ya jua ya UVB, na hiyo ndiyo inayoiwezesha ngozi yake kutengeneza vitamini D3. Bila D3, kalsiamu anayokula haifiki kwenye mifupa: miguu inapinda, taya linalegea, mwishowe anashindwa hata kuurusha ulimi. Halafu tangi limezibwa pande zote nne, kwa hiyo hewa yenye unyevu inatuama chini, na kinyonga anayeishi kwenye hewa iliyotuama huugua mapafu. Tena kioo kinamwonyesha sura yake. Huyu ni mnyama wa kukaa peke yake. Akiona kinyonga mwingine anavimba na kubadilika rangi, na hajui kwamba anayemtishia ni yeye mwenyewe. Ndiyo maana hata vizimba viwili ukiviweka karibu, tia ubao katikati.

Nikaenda Nyakato, kwenye karakana ya seremala mmoja anayetengeneza vitanda, makabati na mabanda ya sungura. Nilimkuta anakula muhogo wa kuchemsha, nikampa mchoro: urefu kwenda juu sentimita 120, upana 60, kina 60, pamoja na miguu ya sentimita 40. Akauzungusha mchoro, akanitazama.

"Bosi, ghorofa yote hii ni ya nani?"

"Ya kinyonga."

"Yule mdudu?" Akaweka muhogo chini. "Mimi nitatengeneza, lakini usije naye hapa. Vijana wangu watakimbia na randa zangu."

Tukakubaliana. Urefu ule si mbwembwe. Kinyonga anaishi kwa kwenda juu na chini, anatafuta joto juu na ubaridi chini, na akitazamwa kutoka juu anahisi anawindwa. Kizimba kifupi kilichowekwa sakafuni ni mateso kwake. Anatakiwa akilala tawi la juu kabisa awe juu ya macho ya mtu aliyesimama.

Mbao alizonitolea mwanzoni zilikuwa za paini zenye ukijani kwa mbali, zile zilizotiwa dawa ya mchwa. Kwa kenchi za paa, sawa. Hapa, hapana. Kinyonga hanywi kwenye bakuli. Analamba matone popote yanaponing'inia, hata kwenye ubao, na dawa za namna ile mara nyingi zina shaba na aseniki. Seremala hakubishana, akaingia ndani akaleta paini nyeupe isiyotiwa kitu. Akapiga msasa, akapaka koti mbili za venishi ya maji, na mimi nikakiacha kizimba juani hadi harufu ikaisha kabisa. Ukinusa kona ukasikia bado, mnyama haingii.

Sasa wavu, na hapa ndipo pesa yangu ilipofanya kazi. Yeye alitaka waya wa kuku kwa sababu amezoea. Nikamkatalia: matundu yale panzi wa kumlisha wanatoka, panya wanaingia, na kinyonga akipanda anakwaruza miguu na pua. Akaja na wazo la pili, nyavu za dagaa, shemeji yake yuko soko la samaki la Mwaloni, atampa bure. Uzi wa wavu ule unanasa kucha, na kinyonga aliyenaswa hujivuta hadi kucha ing'oke. Neti ya nailoni ya dirishani nayo nyenje wanaitafuna wakatoka. Mwisho nikanunua mwenyewe wavu wa alumini wa madirisha, haushiki kutu kama ule wa chuma, nikampelekea mezani.

Kazi aliyoifanya kwenye wavu huo ndiyo iliyompa nyota nyingi. Hakuupigilia tu pini na kuuacha. Aliukunja ukingo kuelekea nje, akaubana kwa mkanda mwembamba wa mbao pande zote, skrubu ndogondogo, ndani hakuna ncha hata moja. Nilipitisha kiganja kona zote kama ninavyofanya kwenye kondensa, polepole, sikukwaruzwa. Mafundi wengi wanaopewa kazi ya banda la mnyama hawaendi umbali huo, maana mnyama halalamiki.

Mgongo na ubavu wa kushoto nilisema visiwe wavu. Mwezi wa Julai na Agosti hewa ya Mwanza inakauka, na mchana upepo wa ziwani unapiga baraza langu. Pande zote nne zikiwa wazi, majani yanakauka kabla hujarudisha chupa ya maji mahali pake. Nilikuwa na mabaki ya dari ya PVC, nikampa, akayapanga vizuri bila mwanya. Haziozi, hazifanyi ukungu, zinafutika. Mbele, kulia na juu ni wavu, hewa inapita bila kuvuma.

Mlango sasa. Nilichora milango miwili, mdogo wa juu wa kulishia na mkubwa wa chini wa kuingizia chungu cha maua. Alitengeneza mmoja wa urefu wote, "ili upendeze." Mbao za fremu yake hazikuwa zimekauka vya kutosha. Zilipoendelea kukauka kibarazani fremu ikapinda, kona ya chini ikaacha mwanya wa kidole. Kinyonga kichwa kikipita, mwili hauna tatizo. Nilimpigia, akaja, akaranda, akaongeza komeo la pili chini, hakuchukua senti. Nimempa heshima yake kwa hilo. Lakini mchoro ulikuwa na milango miwili.

Sakafu ndiyo iliyoniudhi zaidi, pengine kwa ajili ya kazi yangu. Nilisema trei ya bati iwe na mteremko wa sentimita mbili kwenda nyuma, na tundu la kutolea maji. Tundu lipo. Mteremko haupo. Maji yakawa yanatuama mbele, na maji yaliyotuama chini ya mnyama ni vijidudu, na kwa Mwanza ni mbu pia. Nimeweka kabari chini ya miguu ya mbele, yanatoka. Juu ya trei hiyo siweki udongo wala maranda, maana ulimi ukikosa panzi unarudi na takataka.

Kuhusu jua, hatukuhitaji taa. Tuko kama digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta, na umeme unaokatika hauwezi kumdhuru asiyeutegemea. Baraza linatazama mashariki, jua la asubuhi linapiga nusu ya kizimba, nusu nyingine imefunikwa neti ya kivuli. Nusu hiyo ya kivuli ni lazima. Kinyonga aliyefungiwa juani bila pa kukimbilia anaweza kufa mchana huohuo. Mwanzoni nilisimamisha kizimba karibu na ukuta, chini kabisa ya bati, kipimajoto changu cha kazini kikanionyesha bati lilivyokuwa linarudisha joto, nikakisogeza mbele. Sasa kipimajoto kinasoma nyuzi 31 kwenye tawi la kuotea jua na 25 chini kwenye majani. Usiku wa Julai kilishuka hadi 17. Hilo halimsumbui, usiku wa baridi kuliko mchana ndio aliouzoea.

Maji ya bomba yanalala kwenye ndoo kwanza. Kisha nimening'iniza chupa juu ya kizimba, na mpira mpya wa dripu kutoka duka la dawa, ule wenye gurudumu la kubania. Unaurekebisha tone moja moja, linaangukia jani la haibiskasi, yeye anakuja na kulamba. Sijaona kifaa cha bei hiyo kinachofanya kazi vizuri hivyo. Asubuhi na jioni nanyunyizia majani kwa chupa ya saluni.

Maua ni haibiskasi na manipulanti kwa wauza miche wa barabarani, yakaoshwa jani kwa jani kwa sababu hujui yalipigwa dawa gani. Matawi ni ya mpera, unene wa kidole na kuzidi, yamekazwa kwa skrubu yasizunguke. Msiweke mnyaa kwa sababu tu umejaa kwenye nyua. Utomvu wake unaunguza macho. Na panzi msikamate kwenye mashamba ya pamba msimu wa kupiga dawa. Mimi nawachukua kwenye majani yasiyopigwa kitu, nawapaka kidogo unga wa maganda ya mayai, na wanaobaki jioni nawatoa. Nyenje aliyekosa chakula usiku humtafuna kinyonga aliyelala.

Ile miguu ya sentimita 40 seremala aliiona ni ya kuharibu mbao. Kila mguu umesimama ndani ya kopo la maji yenye mafuta kidogo juu. Siafu. Mvua zikianza wanatembea, na mnyama aliyefungiwa hana mbio. Mama zetu waliweka kabati la chakula hivyohivyo.

Jambo moja ambalo mchoro wangu ulilizingatia na yeye akalitekeleza: upana wa mlango unapitisha ndoo ya lita 20. Jike akibeba mayai anahitaji kuchimba. Nimejaza mchanga na udongo wenye unyevu, kina cha sentimita 30. Asipopata pa kuchimba anaweza kuyazuia mayai tumboni hadi yamuue.

Bei: mbao 42,000, wavu 54,000, bawaba, makomeo, skrubu na venishi 26,000, ufundi 80,000, guta la kuleta 10,000. Jumla Sh 212,000, dari ya PVC ilikuwa yangu. Ni zaidi ya lile tangi la mjini, na tangi lingekuja bila tawi. Kuchelewa alichelewa, Jumamosi yake ikawa Jumatano, lakini nani kati yetu hajawahi kupewa Jumamosi na fundi.

Vilivyo tayari hana, anatengeneza kwa oda. Ukienda, vipimo mwandikie kwa penseli juu ya ubao wenyewe, na milango miwili uichore kwa ukubwa wake. Wavu nenda nao. Toa nusu ya pesa, nyingine ibaki mfukoni hadi uyajaribu makomeo na umwage kikombe cha maji kwenye trei, uone yanaelekea wapi.